Umekataa Kusaini, Wenzako Wamenuna

Wanaoniuliza swali hili huja kila mmoja na kisa chake, ila swali ni lilelile. Mwalimu amekataa kupokea hela ya wazazi wanaotaka "maswali ya uhakika" wiki ya mtihani. Sasa akiingia ofisi ya walimu maongezi yanakatika. Kijana ameacha pombe, na kundi la WhatsApp la Ijumaa limekufa, kumbe limefunguliwa jingine asimomo. Karani amekataa kusaini posho ya siku tano za semina iliyochukua siku mbili. Hakuna kati yao aliyemsema mtu wala kwenda kushtaki. Wamesema "mimi hapana" wakaendelea na yao. Halafu wanauliza: nimewakosea nini?

Nitajibu nikimtumia yule karani, kwa sababu ofisini ndiko jambo hili linakobana zaidi. Marafiki wa Ijumaa unaweza kuwaacha. Meza ya jirani yako ofisini huiachi mpaka uhamisho utoke.

Kinachowauma ni nini

Mwenzako aliyesaini siku tano alishajieleza moyoni kitambo: mshahara hautoshi, kila idara inafanya, ndio utaratibu tulioukuta. Maelezo hayo yanasimama vizuri maadamu hakuna mwenye mshahara uleule na kodi ya nyumba ileile aliyewahi kukataa. Sasa umekataa. "Hakuna namna" imekufa hapo hapo, maana namna imeonekana. Amebaki na mambo mawili: ajitazame upya, au akutafute kasoro. La pili halina gharama.

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Benoît Monin na wenzake, kule Marekani, walichapisha majaribio yaliyolionyesha hili waziwazi. Washiriki walipewa picha za washukiwa wa wizi, ushahidi umepangwa umwelekee yule pekee aliyekuwa mweusi, wakaombwa wamchague mhalifu. Wengi walimchagua. Kisha wakaonyeshwa majibu ya mtu aliyekataa zoezi lile kwa kuwa lina upendeleo wa rangi. Waliokwisha kulifanya zoezi hawakumpenda. Waliosoma habari zake kama watazamaji tu, bila kulifanya wenyewe, walimpenda. Mtu ni yuleyule na majibu ni yaleyale.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani atakununia, usitafute nani ana roho mbaya. Tazama nani ameshasaini.

Kuna la pili. Mwaka 2012 Julia Minson na huyo Monin waliwauliza wala nyama maoni yao juu ya watu wasiokula nyama. Walioombwa kwanza kufikiria wasiokula nyama wanawaonaje wao waliwapima watu hao kwa ukali zaidi. Yaani kinachochoma ni hukumu wanayodhani unawapa, hata kama hujafungua mdomo. Ushauri wote ninaoutoa hapa chini umesimama juu ya jambo hilo: ondoa hukumu wanayoidhania, bila kuondoa msimamo wako.

Najua kuna msomaji atakayesema, "Aa, hiyo ni roho mbaya yetu sisi Waswahili." Si kweli. Wanafunzi wa chuo Marekani, katika utafiti wa Craig Parks na Asako Stone wa mwaka 2010, walitaka kumfukuza kundini mtu aliyechangia kingi na kuchukua kidogo. Na jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2008 lilifanyika katika miji 16 duniani: watu walitoa hela zao wenyewe ili kuwaadhibu waliochangia zaidi yao, na Athens na Muscat zilikuwa juu kabisa katika tabia hiyo. Kila mahali pana wenyewe.

Kabla fomu haijafika

Wengi huanza kufikiri biro ikiwa tayari mkononi. Wakati huo umeshachelewa. Jipange mapema:

- Weka mpaka wako, na uwe mwembamba. Kusaini siku ambazo hukuwepo: hapana. Risiti ya kununua: hapana. Posho ya siku ulizofanya kazi ni haki yako, ichukue. Anayekataa mpaka soda ya mkutanoni anawapa watu sababu ya kumwona ana maonyesho, na mimi hapo sitamtetea.
- Safisha kwako. Jambo la kwanza watakalotafuta ni doa lako: karatasi za ofisi ulizochapishia kadi za kipaimara, gari la ofisi lililokupeleka msibani, saa nne asubuhi unayoingia kazini. Doa dogo tu litatosha kusema "na yeye ni walewale".
- Mwambie mwenzi wako. Katika nyumba nyingi hela ya semina imeshapangiwa ada kabla haijatoka. Mume au mke akisikia habari hii kutoka kwa jirani, utakuwa na vita mbili.
- Tafuta mmoja. Mara nyingi yupo mwingine asiyetaka ila anaogopa kuwa peke yake. Mara nyingi pia ni mgeni, ambaye bado hajasaini chochote.
- Uwe mtu wao kwanza. Shika zamu ya mwenye mgonjwa, fika msibani, changia harusi. Msimamo wa mtu asiyeshiriki lolote unaonekana kama dharau hata usipokuwa dharau.

Siku yenyewe

Fomu ya mahudhurio inakuja ikiwa imechapwa: namba, jina, cheo, kisha vijumba vitano vya tarehe, Jumatatu mpaka Ijumaa. Anayeizungusha hakai. Anasimama ubavuni mwako, biro imeshafunguliwa, kidole kinaonyesha mstari wako: "Hapa, hapa, hapa mpaka mwisho." Majina ya juu yako yote yameshajaza. Haraka hiyo ndiyo inayowaangusha watu.

Fanya hivi:

1. Pokea fomu, uiweke mezani. Usisaini ikiwa imeshikwa na mwingine.
2. Saini siku ulizokuwepo.
3. Vijumba vilivyobaki vipige mstari. Ukiviacha wazi vitajazwa jioni na mtu mwingine, na jina ni lako.
4. Sema sentensi moja inayokuhusu wewe: "Mimi nimeweka siku nilizokuwepo."
5. Rudisha fomu kwa sauti ileile uliyoipokea nayo, kisha zungumza jambo jingine. Uliza lile faili la jana.

Hatua ya nne ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtu mwenye hofu huongea sana, na kila neno la ziada linamgusa mwenzake. Angalia tofauti:

- "Mimi naweka siku nilizokuwepo." Hapa umejisema wewe.
- "Mimi siwezi kula hela ya wananchi." Hapa umemwambia yeye anaila.
- "Mungu anaona." Hapa umemwitia shahidi.
- "Ndiyo maana nchi haiendelei." Hapa umemtwisha nchi nzima.

Wengine hupenda kisingizio: "Naogopa wakaguzi." Kinakubalika haraka kwa kuwa hakimgusi mtu heshima yake, mwoga hamtishi mtu. Kama ni kweli unaogopa, sema. Kama si kweli, usikitumie, kwa sababu safari ijayo utaletewa fomu yenye maneno, "Hii haina shida, wakaguzi tumeshaongea nao," na hapo utakuwa huna pa kukimbilia.

Ikiwa mbili zako zinafichua tano zao

Hapa nisikufiche. Kuna siku ambayo mhasibu atakuja na kusema, "Ukiweka mbili peke yako, urejeshaji wa masurufu wa semina nzima unaharibika." Na atakuwa anasema kweli. Fomu moja yenye watu ishirini wa siku tano na mmoja wa siku mbili inauliza maswali. Usijifariji kwamba wamenuna kwa sababu ya dhamiri zao tu. Wengine wamenuna kwa sababu umewaweka hatarini, na hofu hiyo ina msingi.

Kinachosaidia ni kutangulia. Semina ikiisha siku ya pili, kabla fomu haijaanza kuzunguka, nenda kwa mkuu wa idara au mratibu, faragha, umwambie: "Fomu ikija, mimi nitaandika siku mbili. Nimeona nikuambie mapema." Umempa nafasi ya kurekebisha kitu akiwa bado anaweza kukirekebisha, tena bila watu kumwangalia. Wapo watakaotumia nafasi hiyo kutafuta njia ya kukuruka. Wapo pia, na nimewaona, watakaorudisha fomu nzima kwenye siku mbili kwa kuwa wamepata kisingizio: "Yule mnoko atatuletea matatizo." Ukiitwa mnoko kwa matokeo hayo, kubali jina.

Mambo mawili usiyakubali hata ukibembelezwa. Usikubali mtu akusainie. Na usikubali wazo la kuchukua hela ukaipeleke kanisani au msikitini. Hela itakuwa imeondoka, saini itabaki, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa inagusa pia nyaraka za kumdanganya mwajiri. Sadaka yako haitakuwa kwenye faili.

Watakayokuambia, na la kujibu

*"Unajifanya mlokole."* Cheka, tena cheka kweli. "Mlokole gani, Jumapili iliyopita nililala mpaka saa tano." Ukijitetea kwamba unampenda Mungu, umekubali kuwa mjadala ni wa nani mtakatifu.

*"Wewe mumeo ana hela."* Au huna watoto, au una shamba. Inawezekana ni kweli, na kama ni kweli ikubali: "Ni kweli, mzigo wako ni mkubwa kuliko wangu." Sentensi hii watu wanaiogopa, wakidhani wanahalalisha. Hawahalalishi kitu. Wanamwambia mwenzao kwamba hawajamweka kwenye mizani, na hilo ndilo alilokuwa akilingoja.

*"Mbona mwaka jana ulichukua?"* "Nilichukua. Sasa sichukui." Basi. Usitoe ushuhuda. Ukisimulia jinsi ulivyobadilika, unamsimulia mahali alipo yeye.

*"Utatuchongea."* Hili lijibu kwa uzito, maana ndilo wanalowaza usiku. Toa ahadi unayoweza kuitimiza tu: "Sitamtafuta mtu kwenda kumsema. Lakini nikiulizwa na mkaguzi juu ya saini yangu, nitasema kweli." Usiahidi kuficha kila kitu ili wakupende tena. Ahadi hiyo itakutafuna siku mkaguzi akivuta kiti mbele yako.

Makosa ya wenye msimamo

Nimeona watu wakishinda siku ya fomu na kushindwa wiki inayofuata. Kosa kubwa ni kutangaza. Hujamwambia mtu neno, ila asubuhi umeweka aya ya Zaburi au hadithi ya Mtume juu ya mla rushwa kwenye status. Kila mtu ofisini anajua imeelekezwa wapi. Umethibitisha ile hukumu waliyokuwa wanaidhania tu.

Kosa la pili ni kujitenga. Mtu anaacha kula nao mchana kwa kuwa "hela yenyewe ndiyo ile". Wewe kaa nao mezani, changia sahani yako, simulia habari za mpira. Umekataa saini, hujakataa watu. Ukikaa pembeni, watajaza wenyewe sababu ya wewe kukaa pembeni.

La tatu ni kutaka kusifiwa. Ukingoja mtu akuambie umefanya vizuri, utangoja sana, na uso wako utaonyesha unangoja.

Kinachosaidia, tena sana, ni kumpa mwenzako nafasi ya kuwa mtu mwema mbele yako kwa jambo jingine. Katika utafiti ule wa Monin, washiriki walioandika kwanza juu ya jambo walilofanya la kujivunia, la kuonyesha sifa waliyoithamini, hawakumchukia sana mtu aliyekataa. Mwenye uhakika na wema wake mahali fulani haogopi kuonekana mdogo mahali pengine. Kwa hiyo yule mhasibu aliyemuuguza mama yake miezi yote ile, muulize alimudu vipi, kama kweli unataka kujua. Mzee wa masjala anayejua kila faili lilipo, mwombe akufundishe. Usitie chumvi; sifa ya kutengeneza inanuka.

Na kama wewe ndiye uliyenuna?

Nusu ya wanaosoma hapa wako upande huu, ingawa hawaandiki kuuliza. Dalili zake:

- Unamzungumzia yule aliyekataa hata pale usipoulizwa.
- Unaigiza sauti yake, na wenzako wanacheka kupita kiasi cha mzaha wenyewe.
- Umefurahi kusikia amekosea jambo dogo lisilohusiana.
- Kila ukitaja jina lake, linafuatwa na "anajifanya".

Chukua karatasi uandike alichokisema hasa, neno kwa neno. Mara nyingi utakuta ni mstari mmoja mfupi usiomtaja mtu. Yaliyobaki yote umeyasema wewe, kwa sauti yake. Kisha jiulize: kama ningesikia karani wa ofisi nyingine, mkoa mwingine, amefanya vilevile, ningesemaje? Ukiona ungemsifu, basi tatizo ni umbali wa meza yake na yako.

Sikuambii uache kesho. Una ada, una wadogo zako, na mfumo mzima hukuutengeneza wewe. Ila unaweza kukataa kumwandama mtu ambaye hajakutenda jambo. Ukiweza zaidi ya hapo, anza na fomu ijayo, ndogo, yenye hela ndogo.

Je, na kama kweli anajidai? Wapo. Si kila anayekataa yuko sahihi, na si kila aliye sahihi ana adabu. Tazama mambo mawili: anafanya hivyo hata pasipo watu? Na akizungumza, anajisema au anawasema? Anayewasema mjibu kwa hoja, ana kwa ana. Kumnunia kunampa jukwaa tu.

Nyumbani na kwenye kamati ya harusi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kanuni ni zilezile, isipokuwa damu haina uhamisho. Ukiamua harusi yako iwe ndogo isiyo na michango mikubwa, ndugu waliochangisha mamilioni watasikia kama unawacheka. Usiseme "mimi sitaki kuwasumbua watu." Sema "sisi tumeona tufanye ndogo," kisha mwombe shangazi yule yule aliyeongoza kamati kubwa akuongozee hii ndogo. Aliyeacha pombe asiwe mlinzi wa glasi za wengine. Aagize soda yake, alipe zamu yake, na akiulizwa ajibu "imenitosha". Mzazi asiyechapa wanawe asitoe mafunzo ya malezi mbele ya mama mkwe. Na katika familia, mzee apelekewe habari mapema, faragha, kwa shikamoo na kwa kuomba ushauri, hata kama uamuzi umeshafika.

Mnuno ukigeuka vitisho

Kununiwa ni jambo la kuvumilia. Kuna hatua inayofuata ambayo uvumilivu haufai: kuondolewa kwenye safari zote, kupewa barua ya onyo ya kutunga, kuhamishwa ghafla, kutishwa kwa simu. Hili halina uhusiano na tabasamu lako.

David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Aliona malipo makubwa yakitolewa kwa kampuni ya Goldenberg kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, na Kenya almasi haichimbi. Alitoa nyaraka, na mwaka 1993 jambo likafika bungeni. Alikamatwa, akafukuzwa kazi, akaenda kuishi Mombasa. Mwaka 2004 Transparency International ilimpa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 alifariki akiwa maskini, bila kurudishwa kazini. Na John Githongo, aliyekuwa katibu mkuu wa maadili katika serikali ya Kenya, alipojiuzulu mwaka 2005 akiwa Uingereza, baadhi ya watu walimwita msaliti wa kabila lake. Nawataja ili mtu asije akasoma ushauri huu akadhani sentensi nzuri inatosha kila mahali.

Ukifika hapo:

- Andika kila tukio siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, aliyekuwepo.
- Weka nakala ya fomu uliyosaini na ile mistari uliyopiga, mahali pasipo ofisini.
- Omba maagizo kwa maandishi. "Naomba uniandikie" humaliza maagizo mengi.
- Ongea na chama cha wafanyakazi kabla hujajibu barua ya onyo, na ujibu ndani ya muda uliotajwa humo.
- Usirushe picha za nyaraka kwenye makundi ya WhatsApp. Unaweza kujikuta wewe ndiye mwenye kesi.
- Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika, na si anayezisambaza mtaani. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana bure kwa namba 113.
- Kenya, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inawalinda watoa taarifa, na mwenye mamlaka anapaswa kutoa taarifa ndani ya saa 24 tangu ajue au ashuku hongo. Kama wewe ni mkuu wa kitengo, hili linakuhusu moja kwa moja.

Ukipiga simu kutoa taarifa, uwe na tarehe, kiasi na aina ya fomu mbele yako. Ukiwa na hasira peke yake, andika kwanza, upige kesho asubuhi.